Ukoo wa Bi Mwanaisha: springi ya Salma

IJUMAA

Rehema 17:48
Hamjambo ukoo. Nina jambo moja tu na naomba lisizamishwe na vichekesho. Salma ana mtihani wa fizikia Jumatatu, na ile nishati ya springi haijamwingia. Kesho saa nne asubuhi tukutane kwa Bibi. Watoto wote wanaosoma fizikia waje, tufanye jaribio kwa mikono. Anayekuja aandike jina chini.

Rehema 17:49
1. Rehema

Rehema 18:20
Naona tiki za bluu kumi na saba. Kumi na saba! Na orodha ina jina moja, nalo ni langu.

Dulla 18:21
2. Rehema

Rehema 18:21
Abdallah.

Dulla 18:21
Samahani Mama 😂

Salma 18:26
Shikamooni. Ahsante Shangazi. Swali lenyewe hili: springi yenye k = 200 N/m (k ni ugumu wake, nyutoni kwa kila mita ya mvuto) imevutwa sm 10. Tafuta nishati iliyohifadhiwa ndani yake. Mimi nimepata juli 10,000. Mwenzangu kapata 2. Kitabu kinasema 1.

Dulla 18:28
Juli 10,000 kwa sentimita kumi? Hiyo inamrusha mtu wa kilo 100 mita kumi juu. Tumfunge Mjomba Kassim tuone.

Kassim 18:31
Kilo 100 nani? Mimi 92.

Athumani 18:34
Mwanangu, umeingiza 10 mahali pa 0.1. Nishati ni nusu ya k mara x kipeo cha pili, na x, yaani urefu uliovutwa, lazima iwe mita. Sentimita 10 ni mita 0.1, kipeo chake cha pili 0.01. Nusu ya 200 ni 100. Zidisha, unapata 1.

Salma 18:36
Aah! Kwa hiyo nilikosea mara 100 kwenye x, kipeo kikalifanya kosa mara 10,000.

Salma 18:37
Sasa yule wa 2? Yeye alibadilisha kuwa mita. Nguvu ni 200 × 0.1 = nyutoni 20, akazidisha na umbali 0.1, akapata 2. Kazi si nguvu mara umbali? Nusu imetoka wapi?

Rehema 18:39
Ndiyo maana nasema KESHO. Haya hayafundishiki kwa simu. Nani ana springi?

Rehema 19:05
Nani ana springi?

Athumani 19:11
Mizani ya Mzee si iko kwa Mama? Ile ya ndoana. Ndani ni springi tupu.

Rehema 19:11
Safi! Limekwisha. Tutatumia mizani ya Mzee.

Dulla 19:13
Ile ambayo hata isipotundikwa kitu inasoma kilo moja na nusu?

Athumani 19:14
Hiyo hiyo. Na wapo wanaojua kwa nini inasoma kilo moja na nusu.

Rehema 19:14
Athumani, leo siyo.

Athumani 19:16
Kwani nimesema nini? Haijarudi sifuri tangu siku ile. Aliyechapwa ni mimi, niacheni angalau nikumbuke namba yake.

Kassim 19:17
_Ujumbe huu umefutwa_

Dulla 19:17
Mjomba umefuta nini 👀

Rehema 19:18
SPRINGI. Tunazungumzia springi.

Salma 19:22
Baba, kwa nini isirudi? Springi si kazi yake kurudi?

Athumani 19:27
Hurudi ikivutwa ndani ya mpaka wake. Ukiuvuka, chuma chenyewe kinabadilika umbo, na ukiachia kinarudi nusu njia tu. Mizani ile mwisho wake kilo 25. Kuna kijana wa miaka kumi na saba alitaka kujua uzito wake, akashika ndoana kwa mikono miwili akakunja miguu. Ile nishati aliyoiweka pale haikurudi yote, nyingine iliishia kukinyoosha chuma na kukitia joto. Kanuni ya x kipeo cha pili haihesabu hiyo.

Salma 19:28
Kijana gani?

Athumani 19:28
Muulize baba yake Zuhura.

Mama Salma 19:30
🤐

Zuhura 21:37
Shikamooni wote, ndiyo kwanza natoka kazini, nimekuta ujumbe hamsini na kitu. Baba Mdogo, la mizani silisogelei.

Salma mdogo wangu, tuanze na ile 2. Mwenzako amehesabu kana kwamba springi ilimvuta kwa nyutoni 20 tangu alipoishika. Lakini ulipoanza kuivuta ilikuwa inakukatalia kwa nyutoni ngapi? Sifuri. Ikifika sm 5 inakukatalia kwa 10, ikifika sm 10 ndipo 20. Nguvu inapanda sawasawa, kwa hiyo wastani wake safari nzima ni 10. Kumi mara 0.1 ni 1. Nusu imetokea hapo.

Zuhura 21:41
Chora grafu, nguvu wima, mvuto ulalo. Mstari unaanzia kwenye kona na kupanda umenyooka. Eneo lililo chini ya mstari ndiyo kazi uliyofanya. Mwenzako kapima mstatili mzima, na kilichopo pale ni pembetatu.

Salma 21:43
Ngoja nichore.

Salma 21:50
Dada nimeona!! Na nikiigawa katikati, sm 5 za kwanza ni pembetatu ndogo, juli 0.25. Sm 5 za pili ni 0.75. Mara tatu!

Zuhura 21:52
Umepata. Umewahi kushika manati? Mwanzoni mpira unakuja kwa vidole viwili, unaongea na watu. Mwishoni kiwiko kimekaza, mkono unatetemeka, unafumba jicho moja, na kila sentimita unailipia. Sentimita ni ile ile, bei siyo ile ile. Ndiyo maana springi yako ukiivuta mara mbili, sm 20, haikupi juli 2 bali 4. Jiwe lile lile likisukumwa nayo litatoka na mwendo mara mbili, na ukilielekeza juu litapanda mara nne, tukiuacha upinzani wa hewa.

Dulla 21:53
Sasa naelewa dirisha la Bibi lilivunjikaje. Nilidhani nimevuta kidogo tu zaidi.

Rehema 21:53
Dirisha lilikuwa WEWE?

Dulla 21:54
Nilikuwa natoa mfano.

Rehema 21:54
Miaka yote nimemlaumu mtoto wa jirani!

Dulla 21:55
Mama tusitoke kwenye mada, mtoto ana mtihani.

Salma 21:58
Dada, kitabu kinaandika "kani", nyinyi mnasema nguvu. Ni kitu kimoja?

Zuhura 22:01
Kimoja. Kwenye mtihani andika kani. Na hiyo kani = kx ni kanuni ya Robert Hooke, Mwingereza. Huyo bwana ana kisa. Mwaka 1676 alichapisha herufi zilizovurugwa tu, ceiiinosssttuv, ili ionekane amegundua kitu bila kusema ni kitu gani. Mwaka 1678 ndipo akazipanga: ut tensio, sic vis. Ni Kilatini, yaani kadiri ya mvuto ndivyo nguvu.

Athumani 22:04
Huyo kaficha miaka miwili tu. Wengine wanaingia wa thelathini na hawajapanga herufi.

Dulla 22:04
💀💀

Rehema 22:06
Basi! Kesho saa nne kwa Bibi. Mizani nitaitoa mimi asubuhi. Waje na rula, na chupa za nusu lita zijazwe maji, kila moja ni kama nyutoni 5.

Zuhura 22:09
Shangazi, wala msihangaike kuwa inaanzia kilo moja na nusu. Mnaangalia mshale umesogea kiasi gani kutoka ulipokuwa. Hilo ndilo kosa lingine la wanafunzi: springi ya sm 12 ikivutwa ikawa sm 22, x ni 10, siyo 22.

Salma 22:10
Nimewahi kufanya hivyo 🙈

JUMAMOSI

Bibi 05:52
hamjambo wanangu. nimesoma yote usiku. mizani ya baba yenu haitoki ukutani. kassim anajua sababu na mimi najua kuwa anajua. anayekuja kusoma aje na springi yake

Rehema 06:40
Shikamoo Mama. Tumesikia.

Athumani 06:44
Shikamoo Mama.

Mama Salma 06:51
Shikamoo Mama 🙏

Dulla 07:15
Shikamoo Bibi. Habari ya dirisha nitakuja kueleza mwenyewe.

Bibi 07:18
marahaba. la dirisha nalijua siku nyingi

Dulla 07:26
Jamani hapo juu imeandikwa Mjomba Kassim anaandika. Imeandikwa hivyo tangu saa moja na dakika tano.

Rehema 07:31
Mwache. Tufanye hivi, tutumie raba bendi. Ninazo droo nzima.

Zuhura 07:48
Shangazi, kwa kucheza sawa, kwa hesabu hapana. Raba haiendi kwa mstari ulionyooka. Tena ukiiongezea uzito halafu ukaupunguza, inarudi kwa njia nyingine, haipiti ile ya mwanzo. Pengo kati ya njia hizo mbili ni nishati iliyopotea kuwa joto. Salma, chukua raba pana, igusishe mdomo wa juu, ivute kwa haraka ikiwa hapo hapo. Utasikia vuguvugu. Subiri kidogo, iachie irudi, utasikia baridi.

Salma 07:55
Kweli!!! Baba naye kajaribu.

Athumani 07:56
Imenichapa mdomo.

Dulla 07:57
Mjomba wewe kuchapwa ndiyo asili yako 😂😂

Rehema 07:57
ABDALLAH.

Rehema 08:02
Na springi ya ndani ya kalamu?

Zuhura 08:06
Hiyo ni ya kubana, si ya kuvuta. Nishati ipo vile vile, x inakuwa ufupi ulioongezeka. Ila ni ndogo mno, mtasoma rula mpaka macho yaume. Ya kuvuta ndiyo nzuri, yenye ndoana pande zote mbili.

Salma 08:20
Dada kuna swali limenikosesha usingizi. Natundika kilo 2 kwenye springi yangu ya 200. Uzito ni nyutoni 20, inashuka sm 10 inatulia. Kilo 2 zimeshuka mita 0.1, zimepoteza juli 2. Springi imehifadhi 1. Moja imekwenda wapi?

Rehema 08:22
Salma mama, swali hilo tuliweke kesho. Yaani leo. Nani anakuja na springi?

Athumani 08:25
Hapana, jibuni. Hata mimi silijui.

Dulla 08:26
Aliyeiba juli moja ajitokeze.

Athumani 08:26
Asije akachapwa mwingine.

Zuhura 09:03
Samahani nilikuwa barabarani. Salma, uliushusha vipi huo mzigo? Kama uliushikilia chini kwa kiganja ukaushusha polepole mpaka ukatulia, kiganja chako ndicho kilichoichukua ile juli. Mzigo ulikuwa unakusukuma chini njia nzima.

Sasa usiushikilie. Utundike, uachie ghafla. Hautasimama sm 10. Utapita hapo ukiwa na mwendo, ufike sm 20. Piga hesabu: umepoteza 20 × 0.2 = juli 4. Springi ina nusu ya 200 mara 0.04, juli 4. Zimelingana, hakuna aliyeiba. Kisha unapanda, unashuka, unapanda, kila mara kidogo kidogo, mpaka ile juli 1 imeishia kwenye joto la hewa na la chuma, ndipo mzigo unatulia sm 10.

Salma 09:10
Kwa hiyo ile 1 ipo kwenye kule kuchezacheza.

Zuhura 09:11
Ipo huko mpaka iishe. Mwalimu hajakuuliza hilo, lakini ukilijua, nusu haitakusumbua tena.

Kassim 09:24
Mama shikamoo.

Kassim 09:26
Nina springi mbili za kuvuta kwenye sanduku la vyuma. Nzima. Nitakuja nazo mwenyewe. Saa nne sitawahi.

Bibi 09:27
marahaba

Rehema 09:27
Kaka ahsante! Saa ngapi basi?

Athumani 09:33
Aje nazo.

Salma 09:35
Baba Mkubwa ahsante! Dada Zuhura, zikiwa mbili zinazofanana, nikazifunga moja chini ya nyingine, k inakuwaje?

Zuhura 09:36
Jaribuni kwanza ndipo niwaambie. Ila dau langu: uzito ule ule utashuka mara mbili.

Rehema 09:41
Kaka Kassim, saa ngapi? Kumi? Niwaambie wengine saa kumi?

Rehema 09:58
Tiki za bluu naziona.

Rehema 10:02
Mimi nipo kwa Mama, peke yangu na chupa sita za maji.
1. Rehema
2. Salma
3. Athumani (?)
4. Kassim (saa?)

Dulla 10:04
5. Dirisha

Baba Chande 11:47
Samahani wandugu, simu ilikuwa chaji. Hiyo mizani imepatikana?