Kupima ushawishi wa John Mbiti kwa kompyuta

Swali: Ndugu zangu, ninaandika tasnifu ya uzamili kuhusu ushawishi wa John Mbiti, mwanateolojia Mkenya, katika teolojia ya Afrika, lakini Google Scholar, mtambo wa kutafuta maandishi ya kitaaluma, inanipa idadi ya marejeo tu. Je, idadi hiyo inatosha?

Jibu la kwanza: Haitoshi, ndugu, kwa sababu mashine humhesabu anayemkubali na anayempinga kwa uzito uleule. Mwanafalsafa wa Ghana Kwame Gyekye, kwa mfano, alimtaja Mbiti ili kuyapinga maelezo ya Mbiti kwamba Mwafrika hana dhana ya wakati ujao wa mbali. Itakubidi usome sentensi zinazozunguka kila rejeo.

Jibu la pili: Katika kitabu chake cha mwaka 1969, kilichoandikwa kwa Kiingereza, Mbiti aliyafanya maneno yetu "sasa" na "zamani" kuwa istilahi za kueleza wakati; ukiyatafuta katika matini za Kiingereza, utawanasa hata waliochukua wazo bila kumtaja mwenyewe. Jihadhari tu na nakala zilizoskaniwa vibaya: mimi nilikuta kompyuta imesoma "Mbiti" kama "Mbili", kosa ambalo kwa msomaji wa Kiswahili halishtui jicho hata kidogo.

Muulizaji: Nashukuru sana. Hiyo "Mbili" sikuiwaza kabisa, nami nitaanza nayo.