Lenzi ya babu haishiki fokasi ya mbali kwenye Sony yangu, kazi Jumapili. Nisaidieni

Hina_na_Picha (Chake Chake)
Assalaam alaykum wana jamvi. N'naomba ushauri, tena wa haraka. Nina Sony a6000 na lenzi ya marehemu babu, Carl Zeiss Jena Pancolar 50mm f/1.8, zile za M42 za kufunga kwa nyuzi. Nimeagiza adapta ya kuiunganisha na kamera, lenzi imekaa, kamera mwanzo iligoma mpaka nilipowasha ule mpangilio wa kuiruhusu ipige bila lenzi. Vitu vya karibu vinatoka vitamu, nyuma kunayeyuka vizuri. Lakini mtu akisimama upande wa pili wa chumba simpati kabisa. Nazungusha pete mpaka inagota, bado ukungu. Ninunue adapta ya aina gani? Mzigo ukipakiwa kesho Unguja n'taupata kabla ya Jumapili.

Nahodha_Mstaafu
Kaka, mimi ushauri wangu mmoja tu: rudi kwenye simu. Mwanangu kaoa mwezi wa tatu, picha zote za simu, na mama yake kalia alipoziona. Haya mambo ya kuzungusha kwa mkono tumeyaacha enzi za Zenit. Mimi Zenit yangu nilipewa na baharia Mrusi pale bandarini, nzito, ukiivaa shingoni mchana kutwa usiku hulali. Lakini picha zake bado zipo ukutani.

Hina_na_Picha
Mimi si kaka. Na simu sijauliza, nimeuliza adapta.

Mtoto_wa_Wete
Dada, kumbuka a6000 sensa yake, kile kipande cha ndani kinachopokea picha, ni ndogo, hiyo 50 inakuwa kama 75, inaona eneo dogo. Ukumbi wa huku kwetu utarudi nyuma mpaka utoke mlangoni. Halafu mwili wa kamera hiyo hauna kizuia mtikisiko, spidi usishuke chini ya 1/125. Mimi nina Super-Takumar 50mm f/1.4, kioo kilikuwa cha manjano kama chai ya rangi kwa sababu ya thoriamu iliyomo ndani. Nikaianika dirishani kwenye jua, ikaanza kusafika. Mke wangu akasema nimerogwa, mtu mzima kuanika lenzi pamoja na karafuu.

Fundi_Mikunguni
Tumjibu aliyeuliza. M42 inataka milimita 45.46 kutoka inapokaa lenzi mpaka kwenye sensa. Sony ni 18. Adapta ndiyo inayojaza hizo 27.46 zilizobaki. Ni bomba tupu, ndani hamna kioo. Ikiwa nene kuliko hapo, mbali hupati. Ikiwa nyembamba, fokasi inapitiliza mbali, na hilo halina madhara, ndiyo maana adapta nyingi za bei nafuu hutengenezwa nyembamba kidogo makusudi. Kwa hiyo kabla hujatoa hela nyingine, ipime unene kwa kalipa. Na niambie: hiyo lenzi imewahi kufunguliwa?

BiMkubwa_Mtambwe
Mwanangu, hiyo kazi ya Jumapili ni kesha la wanawake? Mana siku hizi mtu anakaribishwa kwenye singo, asubuhi picha za bibi harusi zinazunguka kwenye makundi. Mambo ya lenzi siyajui, nimeuliza hilo tu.

Hina_na_Picha
Ndiyo bimkubwa, kesha la wanawake, na ndiyo sababu nimeitwa mimi. Kadi ya kumbukumbu namkabidhi mama wa bibi harusi mkononi, sijawahi kuweka hata moja mtandaoni.

Adapta nimepima kwa fundi wa mageti hapa Machomane, ni 27.4. Kwa hiyo shida labda ni ubora wa chuma chenyewe?

Na lenzi si takataka kama mnavyodhani. Babu alikuwa kibarua Kikwajuni Wajerumani Mashariki walipokuwa wakijenga yale majumba, miaka ya sitini. Injinia wao ndiye aliyempa, na kamera yake ya Praktica. Nimeweka picha hapo chini.

Fundi_Mikunguni
27.4 ni nzuri kabisa, adapta yako haina kosa. Ubora wa chuma hauleti hilo. Nimeuliza kama imefunguliwa, hujajibu.

Nahodha_Mstaafu
Hata mke wangu nikimuuliza bei ya kanga hunijibu habari za injinia.

Hina_na_Picha
Ilikuwa na fangasi, utando kama nyuzi kwenye kioo cha mbele. Imekaa kabatini kwenye mkoba wa ngozi masika ngapi, na Pemba mnaijua. Nikaifungua nikasafisha kwa spiriti. Nilitazama video kwanza, sikukurupuka, na kila kioo kimerudi kilipokuwa. Kwa hiyo sioni kama hilo linahusika.

Fundi_Mikunguni
Linahusika sana. Ulipokuwa unafungua, yale mapipa mawili ya nyuzi yanayozunguka ndani ya pete ya fokasi yalitengana?

Hina_na_Picha
Yaliachiana mikononi mwangu. Lakini nikayarudisha, yakaingia laini bila kulazimisha.

Fundi_Mikunguni
Basi ndiyo hapo. Zile nyuzi hazina mlango mmoja, zina milango kadhaa kuzunguka duara, na pipa linakubali kuingia kwenye wowote ule, laini vilevile. Mlango wa sawa ni mmoja tu. Ukiingilia wa jirani, vioo vinabaki mbele zaidi ya vinavyotakiwa, na pete inagota kabla hujafika mbali. Hata ununue adapta ya dhahabu.

Dawa yake: unafungua tena taratibu, unatia alama ya kalamu pale pipa linapoachia, unajaribu mlango mmoja baada ya mwingine, kila mara unatazama kitu cha mbali sana, mnara au taa ya meli, mpaka kishike pete inapokaribia kugota. Na grisi mpya ya lenzi, si mafuta ya cherehani, yale yatatambaa mpaka kwenye majani ya upenyo, lile tundu la kupitisha mwanga, yagande. Si kazi ya wiki hii. Jumapili tumia lenzi iliyokuja na kamera.

Hina_na_Picha
Ile sinayo.

Mtoto_wa_Wete
Huna vipi? a6000 nyingi huja na 16-50.

Hina_na_Picha
Niliiuza nikanunulia adapta na betri ya pili. Msinihukumu. Kila mpiga picha wa Chake ana lenzi ile ile, picha zote zinafanana, mteja anachagua kwa bei tu. Mimi nataka mtu akiona picha aseme hii kapiga fulani. Na hiyo Pancolar kabla ya kuifungua ilikuwa inashika mpaka mbali, nilishaijaribu. Kwa hiyo sikukosea kuuza.

BiMkubwa_Mtambwe
Arubuni umeshapokea?

Hina_na_Picha
Nusu.

BiMkubwa_Mtambwe
Basi hiyo ni amana ya watu, mwanangu. Wapigie leo uwaambie, wana siku za kutafuta mwengine.

Hina_na_Picha
Hakuna mwengine, bimkubwa. Mwanamke mwenye kamera Chake na Wete ni mimi na mwenzangu mmoja, naye yuko Unguja.

Jicho_la_Malindi
Samahani, mimi sina roho mbaya, ila mnapoteza muda. Hii ni chai. Nimeikuza picha aliyoweka: kwenye pete ya mbele kuna herufi MC. Hiyo ni mipako mingi ya kuzuia mng'ao kwenye kioo, na Jena walianza kuitia kwenye lenzi zao miaka ya sabini. Pancolar za miaka ya sitini hazina MC. Sasa huyo injinia wa Kikwajuni alimpa babu lenzi iliyokuwa haijatengenezwa? Subirini, wiki ijayo mtaona tangazo: lenzi ya kihistoria, ya mkono wa kwanza, bei maelewano.

Nahodha_Mstaafu
Ahaa! Nilisema mimi kuna kitu.

Mtoto_wa_Wete
Hukusema, ulisema arudi kwenye simu.

Hina_na_Picha
Mimi sikuwepo. Habari ya injinia kanihadithia mama, na Praktica nyumbani imo. Kama ndiyo lenzi iliyokuja nayo au babu aliipata baadaye, sijui, na marehemu hawezi kuulizwa. Anayetaka ugomvi na mama yuko Mkoani, aende. Nani anauza lenzi kwa kutangaza kwamba imefunguliwa na haishiki mbali?

Jicho_la_Malindi
Mjanja ndivyo anavyouza.

Mzee_wa_Forodhani
Jicho, usiwe mkali. Wajerumani wale hawakuja mara moja wakaondoka, nchi yao ilikuwepo mpaka 1990, na watu wetu walikwenda kusoma kwao wakirudi na mizigo. Lenzi ya miaka ya sabini kufika Pemba si ajabu. Familia huunganisha hadithi mbili zikawa moja. Kwetu tuna picha ya bibi, sote tulikua tukiambiwa ilipigwa Capital Art Studio pale Mji Mkongwe siku ya harusi yake. Studio ile ilifunguliwa na Ranchhod Oza 1930. Baadaye tukagundua nyuma ya picha kuna mwaka ulioandikwa kwa wino, na bibi mwaka huo alikuwa na miaka sita. Hadi leo hatujui yule bibi harusi ni nani, na hakuna aliyethubutu kuishusha ukutani.

Jicho_la_Malindi
Hadithi nzuri mzee, lakini MC ni MC.

Fundi_Mikunguni
Iwe ya injinia au ya mnadani, nyuzi zimeingia mlango usio wake. Turudi kwenye Jumapili.

Dada, umesema karibu inashika vizuri. Pancolar ikiwa nzima inakaribia mpaka sentimita 35, na hiyo yako sasa vioo vimesogea mbele, itakaribia zaidi. Kwa mikono ya hina na miguu ya piko hakuna aliye na kitu kama hicho. Unachokosa ni lenzi ya kawaida ya ukumbi na picha za pamoja. Tafuta ya kuazima, usinunue.

Mtoto_wa_Wete
Mimi ninayo 16-50, haina kifuniko cha mbele na ina mchanga kidogo kwenye zumu, inalia. Inafanya kazi. Ijumaa baada ya swala nakuja Chake, nitaiacha kwa duka la jirani yako ukinielekeza. Irudi Jumatatu. Na usiifungue!

Hina_na_Picha
Sitaifungua. Jazakallah kheri. N'takutumia maelekezo ya duka kwenye ujumbe wa siri.

Fundi, kwa hina niweke upenyo gani? Nimezoea 1.8.

Fundi_Mikunguni
Kwenye 1.8 kwa umbali huo kidole kimoja kitashika na vingine vitapotea. Anza f/5.6, mkono ulale juu ya mto usitikisike. Kuza picha kwenye kioo cha kamera kabla ya kubonyeza, zile rangi za kuonyesha fokasi zinadanganya ukiwa karibu hivyo. Na angalia ule msumari mdogo nyuma ya lenzi: kama adapta haina ukingo wa kuubonyeza, upenyo unaweza kubaki wazi kila ukiugeuza. Chungulia kwa mbele uone majani yanafunga.

Jicho_la_Malindi
Akishamaliza na hina aweke hapa namba ya mfululizo ya lenzi, ile ya kiwandani, nitamwambia ni ya mwaka gani.