Maji yanatuama kwenye majani mbele ya nyumba: nimwage mchanga au nichimbe mtaro?

Mkazi wa Isyesye:
Wakuu, habari za majukumu. Nyumba iko Isyesye, Mbeya. Mbele nina ukoka, kama mita 12 kwa 9. Tangu mvua zikolee, maji yanatuama siku mbili tatu, ukikanyaga panabonyea. Majani yamekuwa ya njano na tope linanuka. Fundi mmoja anasema nimwage tripu ya mchanga juu, mwingine anataka mtaro wa kokoto. Nianze na lipi?

Chepe na Reki:
Usinunue kitu kwanza. Palipotuama chimba shimo sm 30 kwa 30, kina sm 60. Lijaze maji jioni, asubuhi lijaze tena, simika kijiti chenye alama uone yanashuka kiasi gani. Yakishuka chini ya sm 2.5 kwa saa, udongo haunywi. Shimo likijaa lenyewe kutoka chini, maji ya ardhini yako juu, na shimo la kunyonya halitakusaidia. Angalia pia kuta zake, udongo unabadilika wapi.

Mchanga sahau. Ukiumwaga juu, maji yatapenya na kusimama palepale yaliposimama mwanzo. Ukiuchanganya kidogo na mfinyanzi, kiangazi unapata tofali.

Na maji ya bati yanakwenda wapi? Paa la mita za mraba 100 kwa mvua ya mm 10 tu linamwaga lita 1,000.

Fundi Mitaro, Iringa:
Kama ni mfinyanzi mwekundu wa huku kwetu, mtaro ndio dawa. Upana sm 30, kina sm 50 hadi 60, mteremko sm 1 kila mita, upimwe kwa kamba na pima maji, siyo kwa macho. Tandika kokoto sm 5, laza bomba la inchi 4 lenye matundu, matundu yatazame chini, funika kwa kokoto hadi zibaki sm 15 kufika juu. Kokoto zote zifungwe kwa kitambaa cha kuchujia, la sivyo tope litaziba kazi yote. Watu wengi wanakosea mwishoni: bomba halina pa kumwagia. Lisielekezwe kwenye shimo la choo wala kwa jirani wa chini.

Mkazi wa Isyesye:
Nimechimba. Juu sm 15 udongo mweusi, kisha kama sm 10 kitu kigumu cheupe chenye kokoto na vipande vya tofali, sururu inadunda. Chini yake kuna vijiwe vyepesi vya volkano, ukivitia kwenye ndoo vinaelea. Maji niliyomwaga humo hayakumaliza saa. Gata sina, maji ya bati yanaangukia hapohapo.

Chepe na Reki:
Basi mtaro huuhitaji, mkuu. Chini panakunywa vizuri. Kinachozuia ni mabaki ya zege na kifusi cha wakati wa ujenzi, yameshindiliwa kisha yakafunikwa udongo. Saruji hiyo pia inaongeza chokaa kwenye udongo, huenda inachangia hiyo njano.

Kwa sasa funga gata, maji yaende kwenye tenki, na ya kufurika yapelekwe kwa bomba hadi mtaro wa barabara. Halafu toboa tabaka gumu kwa mtaimbo kila sm 30 palipotuama, ujaze matundu kokoto ndogo. Simama juu ya ubao, maana kukanyaga udongo uliolowa kunaushindilia zaidi.

Kazi kamili subiri mvua zipungue, mwisho wa Aprili hivi. Finyanga udongo mkononi: ukivutika kama utepe, bado. Kata ukoka vipande vya sm 30, unene sm 5, uweke kivulini. Toa udongo mweusi juu ya turubai, vunja kigumu na ukiondoe kabisa, usikichanganye. Rudisha udongo na samadi iliyooza, toroli moja kwa mita 4 za mraba. Utapungukiwa, kwa hiyo ongeza udongo wa juu, siyo kifusi kingine. Uso uteremke sm 1 hadi 2 kila mita kutoka ukutani.

Fundi Mitaro, Iringa:
Nakubaliana. Ila ukoka urudi kabla ya katikati ya Mei. Baridi ya Juni na Julai huko Mbeya inauchelewesha kushika. Vipande ubane kingo kwa kingo, vinginevyo magugu yatawahi nafasi. Na karibu na bomba la maji ya nyumba chimba kwa chepe, sururu weka pembeni.