Tupeane uzoefu: Kufufua ulimwengu wa zamani kama Dark Sun, wakongwe wanarudi kweli?

Dadu Ishirini (mleta mada)
Wakuu, habari za wakati huu. Katika miaka michache Dungeons & Dragons (mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa dadu) imefufua ulimwengu wake wa zamani: Ravenloft (2021), Spelljammer na Dragonlance (zote 2022) na Planescape (2023), na Greyhawk ikapewa sura yake kwenye kitabu cha mwongozaji (anayeendesha mchezo) cha 2024. Kila ukitoka mmoja, swali linalofuata ni lile lile: Dark Sun lini? Nazungumzia jangwa la Athas, la mwaka 1991, kazi ya Timothy Brown na Troy Denning na michoro ya Brom. Mnaoongoza meza za wakongwe, ulimwengu huo ukiingizwa toleo la tano la kanuni za mchezo, nini kinawabakiza na nini kinawafukuza? Leteni vitu vya kupimika.

Sanduku la Kwanza
Kinachowafukuza ni maji. Wengi wanaanguka hapa siku ya kwanza tu ya mchezo.

Kwa kanuni za toleo la tano mtu anahitaji galoni 1 ya maji kwa siku, na galoni 2 kukiwa na joto. Athas joto haliishi. Sasa kuhani wa levo ya kwanza ana nafasi 2 za kutumia uchawi kwa siku, na uchawi wa kuumba maji unatoa galoni 10 kwa kila nafasi. Piga hesabu: galoni 20, watu 10 wamekunywa, na jua halijafika utosini. Ongeza uchawi wa matunda, matunda 10, kila moja linamlisha mtu siku nzima. Ongeza mhusika mwenye asili ya nyikani, ambaye kanuni za 2014 zinampa chakula na maji yake na ya wenzake 5 kila siku. Jangwa limekwisha, imebaki ramani ya rangi ya mchanga.

Usingizi nao ni tatizo. Saa 8 za kulala zinarudisha pointi zote za uhai. Toleo la pili, mtu akipumzika kawaida alirudishiwa pointi 1 kwa siku. Mkongwe anachokikumbuka Athas ni kuhesabu viriba na kutembea na jeraha la juzi. Ukimwondolea hivyo, umempa jina tu.

Dawa yake ni hii. Uchawi wa maji utoe galoni 1 badala ya 10. Kuhani akimaliza nafasi zote mbili atakuwa amemnywesha mtu mmoja, na hana cha kuponyea tena, kwa hiyo meza lazima iamue nani anakunywa. Matunda yanalisha ila hayakati kiu, na hilo litangazwe kabla watu hawajaunda wahusika. Kuhusu mtu wa nyikani, kanuni yenyewe inasema sharti ardhi iwe na vitu hivyo, basi isomwe kwa sauti mbele ya wote. Mapumziko, tumieni ile kanuni mbadala ya kitabu cha mwongozaji cha 2014: pumziko fupi saa 8, pumziko refu, lile linalorudisha uhai wote, siku 7.

Kiriba Kitupu
Naunga mkono hoja. Maji kwanza, mengine baadaye.

Vumbi la Athas
Mkuu Sanduku, galoni 1 bado nyingi. Futa uchawi huo kabisa, na wa matunda pia.

Kuhani wa Moto
Msifute! Ukimnyang'anya kuhani maji umemnyang'anya sababu ya kuwepo. Acheni galoni 10 zake, ila kila anayemwona akiumba maji amtamani: wafanyabiashara, majambazi, templa, yaani watumishi wa mfalme-mchawi anayetawala mji. Anaweza kunywesha msafara mzima, halafu usiku huo huo anatafutwa.

Vumbi la Athas
Hiyo ni kazi mpya kwa mwongozaji kila siku ya safari. Kufuta ni mstari mmoja.

Mchora Ramani
Mnagombania galoni, wakati swali la kwanza la mkongwe ni "tunacheza mwaka gani?" Hapo ndipo ulimwengu hufa.

Angalieni yaliyotokea. Dark Sun ya 1991 ilikuja na riwaya zake, na ndani ya riwaya hizo Joka la Athas likauawa pamoja na wafalme-wachawi kadhaa. Sanduku jipya la vitabu na ramani la 1995 likalazimika kuyafuata yote. Adui mkubwa kuliko wote kauawa kitabuni, si mezani kwako! Dragonlance mwaka 1996 ikasogezwa enzi mpya, na dadu zikabadilishwa kwa karata. Forgotten Realms mwaka 2008 ikarushwa mbele takriban miaka 100, wahusika na miji ambayo watu waliijenga kwa miaka ikafutika, na toleo lililofuata likatumia nguvu nyingi kurudisha vilivyoondolewa.

Ufufuo wa Dark Sun wa 2010, toleo la nne, ulifanya jambo la busara: ulirudi pale mji wa Tyr umetoka tu kukombolewa, ukaishia hapo. Mlango mmoja umefunguliwa, mingine yote iko kwa wachezaji. Anayefufua leo aanzie hapo.

Kreen wa Magharibi
Sanduku la 1995 mnalionea. Ndilo lililopanua ramani nje ya eneo la Tyr mpaka kwenye himaya ya kreen, wale watu-wadudu. Chukua ramani yake, acha kalenda yake.

Mchora Ramani
Kwa ramani nakubali, mkuu.

THAC0 Hai
Kwa wanaohamisha majoka na mazimwi ya zamani: nyongeza ya shambulio ni 20 kutoa THAC0 (namba ya zamani ya dadu inayotakiwa kumpiga mwenye kinga 0), kinga mpya ni 20 kutoa kinga ya zamani, ambayo ilikuwa bora kadiri inavyoshuka. Shambulio mara nyingi linakubali. Kinga ndiyo mtego. Kiumbe wa kinga -2 anatoka na 22, ambayo toleo la tano limempa joka jekundu la kale kabisa. Mtafute kiumbe wa toleo la tano mwenye kazi kama yake, chukua namba zake, kisha mvalishe sura na tabia ya zamani.

Dadu Ishirini
Na anayetaka kuuza alichoandika?

Kiriba Kitupu
Kanuni za msingi za toleo la tano ziliwekwa kwenye leseni huria ya Creative Commons Januari 2023, hizo tumia. Majina ya Dark Sun kama Athas hayamo. Unda jangwa lako.

Sanduku la Kwanza
Mmesahau wahusika wanne. Mwaka 1991 kila mchezaji alianza na wahusika 4 wa levo ya tatu, mmoja mchezoni, watatu akiba, kwa sababu kufa kulitarajiwa. Kujaza karatasi 4 za levo ya tatu kwa toleo la tano kutakula siku nzima. Jazeni mbili kamili, mbili ziwe na jina, aina ya kiumbe na kazi tu, mpaka zitakapohitajika.

Vumbi la Athas
Ukifuata galoni zangu zitahitajika mapema, mkuu. Jazeni tatu.