Mrejesho: kamera ya hadubini kwa mwanga hafifu

Habari wakuu. Mwezi uliopita niliuliza kwa nini picha zangu za seli zenye protini inayong'aa kijani (GFP) zinatoka na chengachenga, na kama ninunue kamera ya EMCCD (hukuza ishara ya mwanga kabla ya kuisoma) au sCMOS (husoma bila ukuzaji huo). Asanteni sana kwa majibu.

Mliosema nianze na lenzi mlikuwa sahihi kabisa. Nilikuwa na lenzi ya 40x yenye NA (kipimo cha uwezo wa lenzi kukusanya mwanga) 0.65, nikaazima ya mafuta, yaani inayotumia tone la mafuta kati yake na sampuli, 40x pia, NA 1.3. Kwa kuwa mwanga wa kuchochea, yaani unaoifanya GFP ing'ae, hupita kwenye lenzi hiyohiyo, mwangaza wa picha hufuata NA kwa kipeo cha 4. NA ikiongezeka maradufu, unapata takriban mara 16. Tofauti niliiona kabla hata sijagusa kamera!

Kamera yangu ya zamani ilikuwa ya rangi, na vichujio vya nyekundu na bluu juu ya pikseli vilikuwa vinameza fotoni za kijani. Nimehamia sCMOS isiyo ya rangi, inayopokea mwanga kwa nyuma: inanasa hadi 95% ya fotoni, na kelele ya kusoma (chengachenga ambazo kamera yenyewe huongeza inaposoma pikseli) ni elektroni 1.6 hivi. EMCCD nimeiacha, maana ukuzaji wake huzidisha kelele ya fotoni kwa mara 1.4 hivi. Ingenifaa kama fotoni zingekuwa chache mno.

Sasa napiga kwa milisekunde 100 badala ya sekunde 2, na seli hazififii haraka. Na aliyeniambia nifunike skrini ya kompyuta, ubarikiwe: mwanga wake ulikuwa unaingia kwenye picha.

Zimebaki pikseli chache zinazowaka zenyewe. Wiki hii napiga picha za giza, yaani bila mwanga wowote kuingia kwenye kamera, ili niziondoe pikseli hizo.