Betri za mashua ya tanga: za maji, AGM au lithiamu?

Nanga_Msasani
Wakuu, mashua ni ya futi 34, dizeli ya farasi 27, alternata ampea 60, sola wati 200. Friji inakula kama ampea-saa 45 kwa siku, taa na pampu 10. Safarini otopailoti na vyombo vinaongeza 20. Bajeti finyu. Betri ya stata na za ndani (za friji, taa na vyombo) nichukue zipi?

Fundi Waya
Ya stata isikuumize kichwa: betri ya kawaida ya risasi na asidi, ampea-saa 70. Stata ikivuta ampea 200 kwa sekunde 5, umetumia chini ya ampea-saa 0.3. Pleti zake ni nyembamba ili zitoe umeme mwingi kwa mkupuo. Ukiiendeshea friji usiku kucha utaiua mapema.

Pwani12V
Za ndani, betri mbili za maji za magari ya gofu, volti 6, ampea-saa 225, uziunge mfululizo. Usihesabu 225 zote. Hushuki chini ya nusu (volti 12.2 ikiwa imetulia), na asilimia 20 za juu huingia kwa kujivuta saa nyingi. Kwa hiyo unachezea kama 68. Maji kagua kila wiki mbili kwa joto hili. Sanduku likae juu ya ngama (chini kabisa ya mashua, maji yanapotuama) na lipitishe hewa: maji ya bahari yakikutana na asidi hutoa klorini.

Dau_la_Jua
68 ni chini ya siku moja ya safari, mkuu. LiFePO4 (aina ya lithiamu) ya ampea-saa 200 inampa 160, na haifiki kilo 30.

Fundi Waya
Sawa, ila isiungwe moja kwa moja na alternata. Lithiamu hunywa kila inachopewa, alternata inasukuma kwa nguvu zote ndani ya joto la injini mpaka koili zinaungua. BMS (saketi ya ulinzi ya betri) ikikata ghafla, volti huruka na dayodi za alternata zinakwenda. Alternata ichaji ya stata tu, kisha chaja ya DC-DC (inayochaji betri moja kutoka nyingine kwa kipimo) ya ampea 30 ipeleke ndani. Fyuzi ya Class T (aina inayokata haraka umeme mkubwa), sentimita 18 au pungufu kutoka kichwa cha chanya.

Nanga_Msasani
Na AGM, zile za risasi zilizofungwa?

Pwani12V
Haimwagiki, haitaki maji. Lakini ni risasi ile ile, nusu ile ile, bei juu. Ukiichukua, zima ile hatua ya kusawazisha kwenye kidhibiti cha sola: volti 15 huikausha, na huwezi kuifungua uongeze maji.

Dau_la_Jua
Swichi yako ya kuchagua betri ni ya 1-2-zote? Ukienda lithiamu iondoe. Mtu akiisahau kwenye "zote", betri mbili za aina tofauti zinakuwa moja na DC-DC inakuwa pambo.