Naomba ushauri: Ndege ya kijeshi iliyoazimishwa makumbusho, warithi wanaidai

Habari wakuu. Marehemu mmoja hapa Dar aliliazimisha jumba la makumbusho ndege yake ya zamani ya mafunzo ya kijeshi, de Havilland Tiger Moth, kwa barua ya ukurasa 1. Haina tarehe ya kurudisha, orodha ya vipuri wala bima. Sasa jumba linasema ilikuwa zawadi, tena linadai gharama za ukarabati.

Barua inasema "naazimisha", kwa hiyo hoja ya zawadi naiona dhaifu. Kinachonitisha ni utambulisho: kibati cha namba kimeng'olewa, na namba ya injini ya Gipsy Major iliyofungwa hailingani na iliyo kwenye kitabu chake cha kumbukumbu. Ndege ya namna hii bila kibati na vitabu thamani huporomoka. Halafu chumvi ya pwani inakula vyuma, na unyevu unalegeza gundi ya maungio ya mbao.

Msimamizi wa mirathi ameshateuliwa na mahakama. Aanze na barua ya madai ya siku 14, au aombe kwanza zuio la mahakama ndege isihamishwe? Ukomo wa miaka 6 wa madai ya mkataba unahesabiwa tangu barua ya kuazimisha, au tangu walipokataa kurudisha? Na fundi gani akague na kupiga picha namba za vipuri kabla ya shauri kufunguliwa?